Kura Zinapokaribiana: Haki ya Hesabu na Amani ya Jirani

(Mazungumzo kwa viongozi wa walei wa Kibaha na Kisarawe)



Mada tuliyopewa ni uchaguzi. Juu ya uchaguzi kwa jumla mmekwisha kusikia mengi, hivyo tumeona vema tuzungumzie uchaguzi wa aina moja tu, yaani ule ambao pande mbili zinatoka karibu sawa na mshindi anampita mwenzake kwa kura chache. Mgombea anapopata kura tisa katika kila kumi, karani akikosea mia mbili mshindi anabaki yule yule. Lakini wagombea wanapokwenda bega kwa bega, kosa la kalamu katika kituo kimoja linaweza kumkabidhi mtu madaraka ambayo wananchi hawakumpa. Aidha, aliyeshindwa kwa kura chache ana nusu ya wananchi nyuma yake. Hao hawaendi popote baada ya matokeo kutangazwa. Wanabaki majirani zetu, na tunakutana nao kisimani, sokoni na mazikoni.

Mfano tutakaoutumia ni wa Zanzibar. Tumeuchagua kwa sababu watu wa Pwani na watu wa Visiwani ni ndugu kwa damu, kwa ndoa na kwa biashara, na kwa sababu hakuna mahali katika nchi yetu ambapo kura zimekaribiana mara nyingi kama huko. Hatukuja kumhukumu mtu wala kukipigia debe chama chochote. Tumekuja kujifunza kitu gani kinachofanya kura chache zilete msiba mwaka mmoja, na mwaka mwingine zilete kupeana mikono.

1. Mwanzo wa mashaka: 1961 hadi 1964

Januari 1961 Wazanzibari walipiga kura kuchagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Afro-Shirazi Party (ASP) ilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) viti 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) viti 3. Katika jimbo la Chake Chake mgombea wa ASP alishinda kwa kura moja tu. Chama kidogo cha ZPPP ndicho kilichokuwa kimeshika mizani, nacho kikagawanyika: wajumbe wawili wakaungana na ZNP, mmoja akaenda ASP. Hesabu ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa.

Likaongezwa jimbo moja ili viti viwe 23, na uchaguzi ukarudiwa Juni 1961. ASP na ZNP zikapata viti 10 kila moja, na ZPPP viti 3. Safari hii ZPPP ikaungana na ZNP na serikali ikaundwa. Lakini uchaguzi wenyewe uliambatana na ghasia, na watu 68 wakapoteza maisha.

Julai 1963 ukafanyika uchaguzi mwingine, wa viti 31. ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, takriban asilimia 54, lakini viti vyake vilikuwa 13 tu. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, zikaendelea kutawala pamoja. Kwa sheria ya wakati ule serikali hiyo ilikuwa halali. Hata hivyo waliopiga kura kwa wingi walijiona wamenyimwa kilicho chao. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakafanyika Mapinduzi. Sababu za Mapinduzi zilikuwa nyingi: ardhi, ubaguzi, umaskini, kumbukumbu ya utumwa. Hatuwezi kuzipunguza zote ziwe suala la hesabu ya kura. Lakini ni kweli pia kwamba chaguzi zile tatu ziliwaacha watu wengi bila imani kwamba sanduku la kura laweza kuwatendea haki.

2. Oktoba 1995

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja ulifanyika Zanzibar tarehe 22 Oktoba 1995, wiki moja kabla yetu sisi wa Bara. Wagombea urais wa Zanzibar walikuwa Dk. Salmin Amour wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Dk. Salmin amepata kura 165,271, sawa na asilimia 50.2, na Maalim Seif kura 163,706, sawa na asilimia 49.8.

Tofauti ni kura 1,565. Majimbo ya uchaguzi yalikuwa 50, kwa hiyo tukizigawanya kura hizo kila jimbo linapata kura 31 hivi. Watu thelathini na mmoja wanaenea katika jumuiya mbili ndogo ndogo zinapokutana kusali pamoja. Tena, kama watu 783 wangegeuza kura zao kutoka upande mmoja kwenda wa pili, Rais angekuwa mwingine.

Kwa tofauti kama hiyo, kila karatasi ya matokeo ilipaswa kuwa safi kabisa. Haikuwa hivyo. CUF ilikataa matokeo, na watazamaji wa kimataifa wakaeleza kwamba waliona kasoro katika ujumlishaji wa kura, kasoro ambazo zingeweza kugusa matokeo ya urais. Hapakuwa na mahakama ya kulipeleka jambo hilo. Wala hapakuwa na nafasi yoyote serikalini kwa aliyepata karibu nusu ya kura, maana mshindi alichukua vyote.

Tazameni pia ramani ya matokeo hayo. Katika Baraza la Wawakilishi CCM ilipata viti 26 na CUF 24. Viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda CUF, na viti 26 kati ya 29 vya Unguja vilikwenda CCM. Hivyo mshindi alipochukua vyote, Wapemba waliona kisiwa chao kizima kimeachwa nje ya mlango.

Hapa Bara nasi tulipata somo letu mwaka huo huo. Tulipiga kura tarehe 29 Oktoba 1995. Katika majimbo saba ya Dar es Salaam, ambao ni majirani zetu upande wa Kibamba na upande wa Pugu, vifaa vilichelewa na mambo yakavurugika hata uchaguzi ukafutwa na kurudiwa tarehe 19 Novemba. Hakuna haja ya mtu kuiba kura ili imani ipotee. Karatasi zikichelewa kufika, kila mtu atajaza mwenyewe sababu ya kuchelewa.

3. Gharama iliyolipwa

Baada ya 1995 wawakilishi wa CUF walisusia vikao vya Baraza. Nchi wahisani zilisimamisha misaada. Watu walianza kususiana kwa sababu ya vyama: huyu hanunui duka la yule, huyu haendi kwenye harusi ya yule, na pengine hata maziko yakakosa watu. Wanachama 18 wa CUF, wakiwamo wajumbe wa Baraza, walishtakiwa kwa kosa la uhaini. Walikaa mahabusu kwa miaka hadi Novemba 2000, Mahakama ya Rufani ilipoamua kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili peke yake.

Mwaka 1999 Jumuiya ya Madola ilisaidia pande mbili kutia saini mapatano yaliyoitwa Muafaka. Mengi yaliyokubaliwa hayakutekelezwa kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2000. Katika uchaguzi huo upigaji kura ulifutwa katika majimbo 16 kati ya 50, na uliporudiwa CUF haikushiriki.

Tarehe 27 Januari 2001 wafuasi wa CUF waliandamana kudai uchaguzi urudiwe, na vyombo vya dola vikatumia risasi. Tume iliyoundwa na Serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Shirika la Human Rights Watch lilitaja watu wasiopungua 35. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ilitoa wakimbizi wake yenyewe. Tunaomba kila mmoja wetu alipime jambo hili moyoni: kura 1,565 ambazo hazikuhesabiwa kwa namna ya kuaminika zilianza safari iliyofika huko.

4. Oktoba 2010: kura chache bila damu

Muafaka wa pili ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001. Uliponya baadhi ya majeraha, lakini mzizi ulibaki: mshindi aliendelea kuchukua vyote. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wakaanza yale yaliyokuja kuitwa Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa: chama kinachoshika nafasi ya pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri watagawanywa kwa kadiri ya viti ambavyo chama kimepata katika Baraza.

Uchaguzi ulipofanyika tarehe 31 Oktoba 2010, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata kura 179,809 na Maalim Seif kura 176,338. Tofauti ilikuwa 3,471, yaani asilimia moja tu. Wagombea walikuwa wa vyama vile vile, kisiwa kilikuwa kile kile cha Pemba, na tofauti ilikuwa karibu ndogo kama ya 1995. Lakini Maalim Seif alikubali matokeo hadharani, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na hakuna aliyekimbilia Shimoni.

Ndugu wapendwa, wepesi wa kusema ni kwamba mwaka 2010 watu walikuwa wamekomaa. Sisi tunaona sababu iliyo karibu zaidi. Mwaka 1995 aliyeshindwa kwa kura chache alipoteza kila kitu, na wafuasi wake walijua kwamba kwa miaka mitano hawatakuwa na mtu wa kuwasemea serikalini. Mwaka 2010 aliyeshindwa alikuwa na kiti. Ni rahisi zaidi kumwomba mtu akubali kushindwa ikiwa kushindwa hakumfanyi mgeni katika nchi yake.

5. Kiti peke yake hakitoshi: 2015

Hata hivyo tusidhani kwamba kugawana nafasi kunamaliza yote. Tarehe 25 Oktoba 2015 Wazanzibari walipiga kura tena. Maalim Seif alitangaza kwamba kwa hesabu za chama chake ameshinda. Tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kwamba uchaguzi wote umefutwa, akitaja kasoro, zikiwamo vituo vilivyokuwa na kura nyingi kuliko wapiga kura na ugomvi ndani ya Tume yenyewe. Lakini kura za Rais wa Muungano na za wabunge, zilizopigwa siku hiyo hiyo na wananchi hao hao wa Zanzibar, hazikufutwa. Uchaguzi wa Zanzibar ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, na Dk. Shein akapata zaidi ya asilimia 91.

Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikasimama. Makamu wa Kwanza hakuwapo tena hadi Desemba 2020, Maalim Seif, safari hii akiwa wa chama cha ACT-Wazalendo, alipokubali kushika nafasi hiyo baada ya uchaguzi mwingine wenye malalamiko. Aliishika kwa muda mfupi, akafariki tarehe 17 Februari 2021.

Somo la 2015 ni kwamba kiti cha aliyeshindwa hakiwezi kuziba pengo la hesabu isiyoaminika. Mtu akiamini kwamba ameshinda, kumpa nafasi ya pili ni kumpa sehemu ya mali yake mwenyewe.

6. Nani aamue?

Basi hesabu ikibishaniwa, nani aamue? Hebu tuende mbali kidogo, tutazame nchi ambayo nayo ilipata kuwa changa. Mwaka 1855 Wisconsin, mojawapo ya majimbo yanayounda Marekani, ilikuwa na umri wa miaka saba tu kama jimbo kamili. Upande wa kaskazini ulikuwa bado misitu mikubwa yenye wakazi wachache. Katika uchaguzi wa gavana, William Barstow aliyekuwa madarakani alitangazwa kumshinda Coles Bashford kwa kura 157.

Januari 1856 wote wawili waliapishwa siku moja katika mji wa Madison: Barstow kwa gwaride na shangwe, Bashford kimya kimya katika chumba cha mahakama. Kesi ikafunguliwa mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo hilo. Ikaonekana kwamba baadhi ya kura zilizomwongezea Barstow zimetoka sehemu za misituni ambako vituo vya kupigia kura havikuwapo kabisa. Barstow alidai kwamba mahakama haina uwezo wa kumhoji gavana. Mahakama ikajibu kwamba inao. Mwezi Machi alijiuzulu, makamu wake akashika nafasi kwa siku chache, kisha mahakama ikatamka kwamba gavana halali ni Bashford. Wafuasi wa pande zote mbili walikuwa tayari kupigana, lakini hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Tusimfanye Bashford mtakatifu. Baadaye ilijulikana kwamba alipokea hati za fedha za thamani ya dola 50,000 kutoka kampuni ya reli iliyotaka upendeleo, naye akahamia mbali upande wa magharibi. Hesabu ya haki haituhakikishii kiongozi mwema. Inatuhakikishia tu kwamba aliyeko madarakani ndiye tuliyemchagua, na kwamba akiharibu tunaweza kumwondoa kwa njia ile ile.

Mfano wa karibu zaidi ni jirani zetu wa Malawi. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama ya huko ilifuta uchaguzi wa Rais wa Mei 2019. Miongoni mwa sababu ni kwamba fomu nyingi za matokeo zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe na kuandikwa tarakimu nyingine juu yake. Nchini Kenya Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba 2017. Nchi hizo hazikubomoka kwa sababu hakimu alisema.

Hapa kwetu, Ibara ya 41(7) ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kwamba mgombea urais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama inayoweza kuchunguza uchaguzi wake. Katiba ya Zanzibar nayo ina kifungu cha namna hiyo. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika ambao nchi yetu imeuridhia. Waamini wanayo haki ya kulijua jambo hili, na kulizungumza kwa utulivu kila suala la Katiba linapojadiliwa.

Kwa upande wa wabunge mlango wa mahakama uko wazi. Zamani sheria ilimtaka anayelalamika aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla ya kesi kusikilizwa. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti hilo, kwa kuwa lilimfungia maskini nje. Vivyo hivyo, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura. Khanga, pilau na nauli haviwi halali kwa kuitwa ukarimu.

7. Wajibu wetu Kibaha na Kisarawe

Huenda wengine mnasema: hayo ni ya Ikulu na ya mahakama, sisi wa Mlandizi na Maneromango yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Jumla ya nchi inaanzia kwenye karatasi moja ya kituo kimoja. Na hata pasipo urais, kura za mwenyekiti wa kitongoji au za diwani hukaribiana kuliko za Rais, maana wapiga kura ni wachache na wote wanajuana. Hivyo basi tunapenda kusisitiza mambo yafuatayo.

Kwanza, kabla ya kura. Tuhakiki majina yetu katika daftari mapema. Tutoe taarifa za ndugu zetu waliofariki, ili jina la marehemu lisibaki likingoja mtu wa kulitumia. Kadi ya kupigia kura haiuzwi, haikopeshwi wala haiwekwi rehani. Vilevile tusingoje siku yenyewe ndipo tuulize kituo kiko wapi. Oktoba ni wakati wa vuli na wa korosho, na barabara za vijijini Kisarawe mnazijua.

Pili, katika kituo. Miongoni mwenu wapo watakaokuwa makarani, wasimamizi wa vituo na mawakala wa vyama mbalimbali. Mkristo akishika kazi hiyo ameshika amana ya watu wote, pamoja na wasiomchagua mtu wake. Wakala asiondoke kituoni kabla kura hazijahesabiwa zote, hata kama ana njaa. Chama kilichomtuma kimpelekee chakula. Tarakimu ziandikwe kwa namba na kwa maneno. Penye kosa pakatwe kwa mstari mmoja unaosomeka na kutiwa saini na wote, wala pasifutwe. Wakala apate nakala yake, na matokeo yabandikwe mahali pa wazi ili hata bibi asiyejua kusoma asomewe na mjukuu wake. Msimamizi anayefanya hayo anajilinda mwenyewe, maana kura zikikaribiana yeye ndiye wa kwanza kutuhumiwa.

Tatu, matokeo yakibishaniwa. Anayelalamika asiitwe mchochezi kwa sababu tu amelalamika. Aulizwe: una karatasi gani? Nani alishuhudia? Kama anazo, asaidiwe kufika panapohusika kwa muda uliowekwa na sheria. Kama hana, aambiwe ukweli kwa upole. Uvumi usibebwe hadi mimbarani wala katika jumuiya.

Nne, baada ya kutangazwa. Tunajua desturi ya kumbebea aliyeshindwa jeneza la mfano na kumwimbia nyimbo za kejeli mbele ya nyumba yake. Waamini wetu wasishiriki katika hayo. Aliyemzidi mwenzake kwa kura kumi na mbili kijijini amkaribishe katika kamati za shule, za maji na za zahanati, kwa sababu nusu ya kijiji kinamsikiliza huyo mwenzake. Hakuna sheria inayomlazimisha kufanya hivyo katika ngazi ya kijiji, lakini hakuna inayomkataza. Zanzibar ilihitaji miaka 15 na maisha ya watu kadhaa kabla ya kuliandika jambo hilo katika Katiba. Kijiji kinaweza kulifanya kwa kikao kimoja.

Tano, tuyafanye haya pamoja na ndugu zetu Waislamu. Kibaha na Kisarawe tumeishi nao nyumba kwa nyumba, na kituo cha kura hakina upande wa kanisa na upande wa msikiti. Mafunzo kama haya yakitolewa parokiani, mashehe na walimu wa madrasa waalikwe, nao wakialika, twende.

Ndugu wapendwa, hatuwezi kuzuia kura zisikaribiane. Wananchi wakigawanyika sawasawa katika maoni, kura zitaonyesha hivyo, na huo ni ukweli wala si ugonjwa. Tunaloweza kulitengeneza ni hesabu inayoonekana kwa wote, mwamuzi anayeweza kuulizwa, na nafasi ya heshima kwa aliyeshindwa. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki vinaelemewa. Tunawaomba mlichukue fundisho hili katika jumuiya zenu, mlijadili bila haraka kwa maswali yanayofuata, na majibu yenu myalete kwa Tume kupitia katibu wa parokia.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni uchaguzi gani ambao kura zilikaribiana? Walioshinda na walioshindwa wanaishije leo?

2. Je, watu wa jumuiya yetu wanajua matokeo ya kituo chao hubandikwa wapi, na wanayo desturi ya kwenda kuyasoma?

3. Ni akina nani miongoni mwetu wanaofaa kuwa mawakala au makarani waaminifu? Tutawasaidiaje wasiondoke kituoni kabla ya kazi kwisha?

4. Aliyeshindwa kwa kura chache apewe nafasi gani katika kamati za kijiji chetu? Nani atakwenda kuzungumza na mshindi juu ya jambo hilo?

5. Tutafanya nini pamoja na Waislamu wa eneo letu kabla ya uchaguzi unaokuja, na siku tatu za kwanza baada yake?